Kliniki ya watoto karibu na Digo Road: wanamtazama mtoto kabla ya kumchoma sindano

Nusu ya wateja wangu wa mahamri wameshaniuliza habari za kliniki hii, basi naandika hapa mara moja, wasome, nami nipate kukaanga kwa amani. Iko hapa Nairobi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, ukitoka Digo Road kuelekea Eastleigh. Ukiona akina mama na watoto mgongoni wamejipanga kwenye ngazi usiku, umefika. Jina silitaji, mwenyewe hakunituma, na sitaki watu wa Majengo waseme nimekula chake.

Nawapa nyota nne kwa tano. Ile ya tano nitawaambia ilikopotelea.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi alfajiri, lakini nimelea watoto wangu na sasa nalea wajukuu, kwa hiyo vipele nimeviona vya kila namna: harara ya joto, tetekuwanga, ukambi, upele wa kuwasha unaopitishana kitanda kizima. Kinachonifanya niandike ni vile hawa wanavyomshughulikia mtoto mwenye homa na vipele kwa pamoja. Hapo ndipo vibanda vingi vya dawa mtaani vinapochemsha. Anatazamwa kupitia dirishani, blanketi na kila kitu, anaambiwa ni "joto la damu", mnapewa chupa ya antibiotiki na mnaondoka.

Sisi tulipewa hiyo chupa, kwa kemisti mmoja ambaye naye namhifadhi jina. Binti yangu alikuwa ametoka harusini Kwale na mwanawe wa mwaka mmoja na kitu. Mtoto akashikwa na homa, siku mbili tatu, kisha vipele vikajitokeza tumboni na mapajani. Nikaitazama ile chupa, nikamwambia binti, vaa viatu.

Sasa sikilizeni utaratibu wao. Chini kuna karani, huyo nitamrudia. Juu kwenye benchi kuna sista mtu mzima, na yeye hakai mezani. Anapita mtoto kwa mtoto akiuliza yale yale: ananyonya au anakunywa? Anatapika kila anachokula? Ameshikwa na degedege? Anaamka ukimwita? Huku anauliza, mkono wake uko kwenye mguu wa mtoto, unapapasa kama miguu ni ya moto au ya baridi. Mbele yetu palikuwa na mtoto amelala begani kwa mamake, kichwa kinaning'inia. Sista hakuuliza namba ya foleni. Alimchukua akaingia naye ndani, na mwanamume mmoja aliyeanza kunung'unika kwamba yeye alifika mapema alitazamwa kwa jicho moja tu, akanyamaza. Baadaye nilimuuliza alijifunzia wapi, akaniambia ni mafunzo ya ETAT, yale ya kumtambua mtoto mahututi kwenye foleni na kumshughulikia kwanza. Kenya imeyafundisha kwa wahudumu wengi wa watoto. Kumbe foleni nayo ina elimu yake.

Chumbani kuna daktari, msichana wa makamo ya binti yangu, na taa kali kuliko ya studio ya picha.

"Mvueni nguo zote," akasema.

"Hata nepi, daktari?" binti akauliza.

"Hata nepi, dadangu. Vipele vibaya vinapenda kujificha palepale."

Kabla hajamgusa alimwacha atulie kwa mamake, akashika saa, akahesabu pumzi dakika nzima. Mtoto akilia hesabu haifai, alisema. Nami nikazidaka zile namba kwa sababu zinashikika: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, wa miezi 2 hadi 11 ni 50, mchanga aliye chini ya miezi 2 ni 60. Na mbavu zikiwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, hiyo haihitaji hesabu, ni kukimbia. Kisha akambana kidole mpaka pakapauka, akaachia, akatazama damu inarudi upesi au inajivuta. Akapapasa utosi, akapinda shingo taratibu, akachungulia masikio, akafungua kinywa.

Halafu akachukua bilauri. Bilauri ya kioo, ya kawaida, ya kunywea maji. Akaibana ubavu wake juu ya vipele vya tumboni, akatuita tutazame kupitia kioo. Vikafifia. Akaachia, vikarudi.

"Umeona, nyanya? Hapa damu iko ndani ya mishipa midogo iliyotanuka. Ukibana inasukumwa, rangi inapotea. Mishipa ikishavuja, damu imemwagika chini ya ngozi na haina pa kwenda. Utabana mpaka uchoke, doa liko palepale. Doa la hivyo kwa mtoto mwenye homa usilisubirie asubuhi."

Nikamwambia mjukuu wangu ni maji ya kunde, kwa hiyo naona. Lakini mtoto wa jirani yangu ni mweusi tititi, huyo nitamwonaje? Hapa ndipo daktari huyu aliponikamata. Picha nyingi zinazosambazwa kwenye simu, alisema, ni za watoto wa Kizungu wenye madoa mekundu kama nyanya zilizopasuka. Kwa watoto wetu wekundu hauonekani hivyo; doa laweza kuwa la zambarau iliyoiva, au la kahawia, au weusi juu ya weusi. Basi tazama pale ngozi ilipo nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, na kaakaa, yaani dari ya kinywa. Akamgeuza nyayo mjukuu wangu chini ya taa, akamvuta kope kidogo, akanionyesha panavyotakiwa kuwa. Dakika hizo mbili peke yake zilistahili ada yao.

Akaongeza jambo lililonikosesha usingizi usiku ule: bilauri si hirizi. Ugonjwa wa bakteria wa kwenye damu na kwenye utando wa ubongo, ule tunaouita homa ya uti wa mgongo, waweza kuanza bila doa lolote, na madoa yakaja saa za mwisho mwisho. Alinitajia utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2006 katika jarida la Lancet, wa watoto 448 waliougua ugonjwa wa meningokoka, mmoja wa bakteria wanaoleta homa hiyo. Karibu robo tatu walikuwa na dalili za mapema: maumivu ya miguu, mikono na miguu baridi ilhali mwili unachoma, na ngozi iliyobadilika rangi. Kwa mtoto wa katikati, dalili hizo zilianza kama saa 8 baada ya ugonjwa kuanza, na hospitali alifika baada ya kama saa 19. Shingo kukakamaa na madoa, zile ambazo kila mtu anazingoja, zilikuja baadaye. Ndiyo maana yule sista kwenye benchi anapapasa miguu. Sikuwa nimeelewa, nilidhani anambembeleza mtoto.

Mjukuu wangu alikuwa na miguu ya moto, anavuta bilauri ya daktari anataka kuinywea. Kwa sababu ametoka Kwale, na Pwani kuna malaria, walimpima kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, hakuwa nayo. Walisema hata ingeonekana, wasingeacha kumtazama hapo, maana mtoto aweza kuwa na malaria na bakteria kwa wakati mmoja. Wakafungua kitabu cha kliniki wakahakikisha chanjo. Ile ya magonjwa matano kwa pamoja, ambayo Kenya iliileta 2001, ina kinga ya Hib, bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, na ile ya nimokoka, bakteria wa nimonia, ikaingia 2011. Ya ukambi na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na ya pili akina mama wengi wanaisahau kwa sababu mtoto keshaanza kukimbia. Ya meningokoka haimo kwenye ratiba ya kawaida ya mtoto wa Nairobi. Waliokwenda Hija wanaijua ile sindano, maana Saudia haikupi ruhusa bila hiyo; mimi nilidhani kila mtu anayo.

Tukaambiwa ni virusi, vitapita. Panadol ya maji kwa kadiri ya uzito wake, vinywaji, na ile chupa ya antibiotiki ikae ilivyo.

Binti yangu alinuna. "Tumelipa shilingi 700 kuambiwa turudi nyumbani?" Alisema hivyo mbele ya daktari, bila kupepesa. Daktari hakuchukia. Akatoa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha watu, si kile cha kutafsiriwa kwa nguvu, akaisoma nasi mstari kwa mstari, na akatufanya tumrudishie kwa maneno yetu. Rudi usiku wowote akiwa hanywi, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, analegea au haamki vizuri, akiwa miguu baridi, akilia kila anaposhikwa mguu, akipauka au midomo kugeuka rangi, doa lisilofifia, pumzi za haraka. Na mstari ule nilioupigia mstari kwa kalamu yangu: ikiwa homa imeshuka kwa dawa lakini bado huyu si mtoto unayemjua, rudi. Panadol huteremsha homa ya ugonjwa mdogo na ya ugonjwa mkubwa vilevile. Kushuka kwake si cheti.

Kurudi ndani ya siku mbili hulipi. Hilo nalisifu kwa herufi kubwa, kwa sababu mzazi wa huku hupima mara mbili kabla ya kurudi, si kwa uzembe, ni mfuko.

Mjukuu alipona, sina hadithi hapo. Hadithi iko kwa jirani.

Jirani yangu wa mlango wa pili aligonga usiku, mwanawe wa miaka minne amechemka tangu mchana, anasema miguu inauma. Alikuwa ameambiwa ni kucheza mpira. Nilimshika mguu, ulikuwa baridi kama umetolewa kwenye ndoo ya maji, na tumbo linaunguza. Nikawasha tochi ya simu. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na vidoa vichache, kama mtu amemrushia wino wa kalamu. Sikutafuta bilauri. Bodaboda, wote watatu nyuma, Mungu anisamehe.

Kwenye ngazi zile sista alimpapasa mara moja tu akaita jina la daktari. Nilikuwa ndani nimesimama ukutani, kwa hiyo nilichokiona nakisema. Bilauri ilibanwa, vidoa havikutikisika. Kibanio kikawekwa kidoleni kupima oksijeni, barakoa ya oksijeni ikaja, tone la damu likapimwa sukari, kwa sababu mtoto mahututi sukari yake huporomoka. Mshipa ukatafutwa, sindano ya antibiotiki ikaingia pale pale. Mamake akauliza, je, si tusubiri maabara? Daktari akamjibu bila kuinua kichwa: "Mama, maabara itatukuta njiani." Waliipigia simu hospitali kubwa ya rufaa wakiwa bado wanafunga mpira wa drip, wakaandika barua yenye jina la dawa, kipimo na saa iliyotolewa, na sista akapanda ambulansi na mtoto. Nilitarajia tupewe karatasi na kuambiwa tutafute teksi. Nimeshaona hivyo kwingine.

Mtoto alilazwa, ilikuwa meningokoka kweli, akatoka. Watu wa nyumba ile walipewa dawa ya kukinga hospitalini. Basi jengo zima likataka vidonge. Mpaka fundi wa viatu wa pale chini alipanda kuuliza kwa nini yeye kabaguliwa. Sista aliwaeleza kwa subira kwamba ni kwa wale wanaoishi na mgonjwa na kushirikiana naye pumzi na mate kwa karibu, si kila aliyepita kwenye korido. Baadaye kliniki wakampigia jirani kumuuliza kama mtoto amepimwa masikio, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuacha uziwi, na mtoto mdogo asiyesikia huonekana mtundu tu. Hiyo simu hakuilipia.

Kitu kingine ninachowapendea: hawapimi taifodi ovyo. Nairobi hii kila homa ni taifodi. Kuna maabara za vichochoroni unaingia na mafua unatoka na taifodi na deni. Wanatumia kile kipimo cha Widal, ambacho huweza kuonyesha ndiyo kwa mtu aliyewahi tu kukutana na wadudu hao au wanaofanana nao zamani. Hapa nilisikia mama mmoja akikidai kwa nguvu, anaambiwa kwa upole kwamba wakishuku taifodi watapeleka damu ikaoteshwe. Aliondoka anasonya. Wamepoteza hela ya kipimo na hawakujali, nami kwa biashara yangu najua uzito wa mteja anayeondoka anasonya.

Pia wanauza kipimajoto cha kwapani, shilingi 350. Nimekinunua, kinafanya kazi, mlio wake mdogo mno kwa masikio yangu. Kile cha bastola, cha kuelekezwa kwenye paji la uso, walinikatalia wenyewe. Mkono wa mama, walisema, hujua kuna homa, lakini hauwezi kusema ni ngapi, na kwa mchanga wa chini ya miezi 3 namba ina maana yake: 38 ni hospitali siku hiyo hiyo, hata awe anacheka. Kwa wakubwa zaidi, namba peke yake isikupandishe wala isikushushe, mtazame mtoto.

Waliniongezea onyo la tetekuwanga, kwa kuwa mtaani imeanza tena. Vipele vya maji vikishakauka kisha homa ikarudi, au sehemu moja ikavimba, ikawa ya moto na inauma kuliko kipele kinavyostahili kuuma, hapo bakteria wameingia kwa mlango wa ngozi. Na usimpe mtoto aspirini. Kwa ukambi, macho mekundu, kikohozi na kamasi hutangulia, vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio kushuka; wenyewe ni wa virusi lakini nimonia huufuata nyuma, kwa hiyo pumzi zihesabiwe.

Sasa nyota iliyopotea.

Ngazi. Hazina taa wala mhimili wa kushika, na unapanda gizani na mtoto mgonjwa mikononi. Sehemu inayojua kumulika kaakaa la mtoto ishindwe na balbu moja ya ngazini?

Karani wa chini anataka hela ya faili, shilingi 100, kabla hujapanda. Mtoto akiwa amezidiwa, sista humpuuza huyo karani, na usiku wa jirani hatukuulizwa chochote mpaka ambulansi ilipoondoka, lakini mgeni hajui hilo. Mzazi aliyekuja bila senti anaweza kugeukia pale pale mlangoni. Liandikeni ukutani kwamba mahututi hulipa baadaye, mbona ndivyo mnavyofanya?

Na bango lao la vipele ukutani! Baada ya mahubiri yote ya daktari kuhusu ngozi zetu, picha tano ni za watoto weupe pe. Nilimwonyesha, akacheka, akasema wameagiza jingine. Nasubiri kuliona.

Maabara hufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo vipimo vya damu vinavyozidi tone la kidole vinangoja kesho au mnapelekwa kwingine. Kitanda cha kulaza hawana, na hawajidai kuwa nacho. SHA, ile bima ya afya ya serikali, nilipouliza walisema bado.

Choo ni safi. Maji yapo.

Mkienda, bebeni kitabu cha kliniki na mvalisheni mtoto nguo za vifungo vya mbele, mtawaokolea muda. Kumbukeni au pigeni picha vipele vilipoanza, kwa kuwa watauliza vilianzia wapi na saa ngapi. Hufunguliwa kila siku hadi saa sita usiku, Jumapili huanza saa nane mchana. M-Pesa yao hukwama jioni, beba taslimu kidogo. Yule daktari hayupo Jumanne. Anayemshikia zamu ni kijana mzuri ila anahesabu pumzi nusu dakika kisha anazidisha kwa mbili, nami nilimwambia amalize dakika.